SOMO: Unaogopa kiti cha meno? Ganzi, gesi, kidonge na nusu kaputi (soma kwanza ndo uniulize)

Wakuu, naandika hii mara moja, mtu akiniuliza tena namtumia linki basi. Mimi ni tabibu wa kinywa na meno, niko hapa Mtwara mjini, na swali linalojaa inboksi ni lile lile, "hamna dawa ya kunilaza nisisikie kabisa?" Ipo. Ila wengi wenu hamuihitaji, na wale wachache wanaoihitaji wanakuja hawajajiandaa.

Hapa ndo watu wanapochanganya: ganzi inazuia maumivu lakini woga unabaki nao, dawa ya kutuliza inapunguza woga lakini peke yake haitoshi kung'olea jino. Kwa hiyo hata ukipewa gesi au kidonge, sindano ya ganzi iko palepale, sema tu hutaijali sana.

1. Sema unaogopa, tangu mapokezi. Usijikaze.

2. Omba miadi ya asubuhi, ukingoja mpaka jioni utakuwa umeshajitisha mwenyewe.

3. Ganzi yenyewe kwanza. Mwambie daktari akupake ile jeli ya ganzi kwenye fizi, asubiri kidogo, halafu achome polepole, maana kinachouma sana ni dawa kusukumwa haraka. Moyo ukianza kwenda mbio dakika moja mbili baada ya sindano usidhani unakufa, mara nyingi ni ile adrenalini iliyochanganywa humo na inapita yenyewe, we mwambie tu. Kubalianeni ukinyoosha mkono anasimama. Na wale mnaosema "mimi ganzi hainikubali", wengi mlikuja taya limevimba usaha. Penye usaha pana tindikali na ganzi inakosa nguvu, ndo maana wakati mwingine tunatoa usaha au tunakupa dawa kwanza urudi baadaye, siyo kwamba tunakuzungusha.

4. Gesi. Ile ya kucheka, nitrasi oksaidi, unavuta kwa pua ikiwa imechanganywa na oksijeni. Vidole vinaanza kuwasha kama ganzi ya mguu, mwili unakuwa mwepesi, lakini unasikia na unajibu. Mwisho unapewa oksijeni tupu dakika kama tano na kichwa kinarudi. Siyo mpya hii, Horace Wells, daktari wa meno wa Hartford kule Marekani, aling'olewa jino lake mwenyewe kwa gesi hiyo mwaka 1844. Ukiwa na mafua yaliyoziba pua haikusaidii, na mwenye mimba changa tunamwepusha nayo. Siyo kila kliniki wana mashine, piga simu uulize kabla hujapanda basi kutoka Newala.

5. Kidonge. Mara nyingi ni diazepam, daktari anakuandikia. ANAKUANDIKIA, siyo unanunua dirishani kwa jirani yako. Inakaa mwilini muda mrefu, kesho yake bado unaweza kuwa na usingizi.

6. Dawa ya mshipa na nusu kaputi. Ya mshipa ni midazolam, unakuwa macho nusu nusu na baadaye hukumbuki sana kilichotokea. Nusu kaputi unalala kabisa, na hiyo ni ya tieta (chumba cha upasuaji), hospitali kubwa, na mtaalamu wa usingizi awepo. Tunawaza zaidi watoto wadogo wenye meno mengi mabovu, watu wenye ulemavu wasioweza kutulia, au jino la mwisho lililolala ndani ya mfupa. Mtu akikwambia atakuchoma ya mshipa kwenye chumba kisicho na oksijeni wala kile kipimo cha kidoleni cha kuangalia oksijeni ya damu, nyanyuka uondoke, hata kama bei ni nzuri.

7. KULA AU KUTOKULA. Hapa naomba msome taratibu maana ndo panapoharibika kila siku. Ganzi peke yake: KULA. Kunywa chai, kula chapati, njoo umeshiba kawaida. Watu wanafunga wanakuja na njaa na woga juu yake, akiona sindano anadondoka, halafu anasimulia mtaani ganzi ilimzidi. Dawa ya mshipa na nusu kaputi ni kinyume, chakula mwisho masaa sita kabla, maji matupu mwisho masaa mawili, labda mtaalamu wa usingizi akupangie vingine. Sababu ni kwamba ukilala koo linasahau kazi yake, kilichoko tumboni kikipanda kinaingia kwenye mapafu, na hapo hatuzungumzii jino tena.

Uji ni chakula. Chai ya maziwa ni chakula. Maziwa ya mama kwa mtoto mchanga mwisho masaa manne. Kuna mama alikuja na mtoto kafungishwa vizuri usiku kucha, mtoto analia njaa kwenye benchi, bibi yake kwa huruma akampeleka nyuma ya mlango akampa kitumbua. Nesi akaona mafuta yanang'aa mdomoni. Tieta ikafutwa, nauli ikapotea, na bibi akatununia sisi. Kwa hiyo wanaomsindikiza mtoto WOTE waambiwe, siyo mama peke yake. Kwa gesi na kidonge kliniki zinatofautiana, fuata ya hapo ulipo.

8. Kidonge, mshipa au kaputi, uje na mtu mzima wa kukurudisha na akae na wewe. Siku nzima huendeshi chombo, husaini mkataba, huuzi korosho.

Maswali.

Mzee wa Shangani: Sijasoma yote mkuu. Bei gani kunilaza?

Mtoa somo: Soma yote. Bei inategemea hospitali na jino, sijaona mdomo wako.

Chinga One: Mi huwa napiga nipa kidogo kabla ya kwenda kwa daktari, woga wote unaisha. Kuna ubaya?

Mtoa somo: Upo. Nipa, uraka, bia, pombe zote zinalaza ubongo, ukiongezewa diazepam au midazolam juu yake unaweza kuacha kupumua. Hata kwa ganzi tu, mlevi hatulii na hasikii maelekezo. Ukinukia pombe nakurudisha nyumbani, usinilaumu.

Chinga One: Kwani nimesema nalewa? Nimesema kidogo.

Mtoa somo: Na mimi nimejibu.

Binti Mikindani: Daktari samahani, mimi natumia dawa fulani kila siku za maisha, sipendi kuzitaja mbele za watu. Ni lazima niseme?

Mtoa somo: Asante dada kwa kuuliza hili. Ndiyo, sema, na una haki ya kusemea chumbani mlango umefungwa. Baadhi ya ARV zinafanya midazolam ikae mwilini muda mrefu na kwa nguvu kuliko tulivyokusudia, tukijua tunachagua njia nyingine. Usiache kumeza dawa zako ili "kujiandaa". Kama unaona aibu kutamka, piga picha kopo umwonyeshe daktari kwenye simu. Na wengine mseme pia dawa za kifafa, tramadol, Piriton, na kama unakoroma mpaka pumzi inakata usiku.

Baba Zai, Lindi: Mwanangu ana miaka mitano, akiona koti jeupe anapiga kelele mpaka stendi wanasikia. Nimpe Piriton asinzie?

Mtoa somo: Hapana kaka, usimpe kitu nyumbani. Mlete siku ambayo hatumfanyi chochote, apande kiti, ashike kioo, tumhesabie meno aende zake. Siku ya pili tunamwonyesha kifaa kwenye kucha yake ndo kinaingia mdomoni. Wengi wanatulia bila dawa yoyote. Na nyumbani msimtishe kwa "utachomwa sindano", mnatuharibia kazi. Akishapigwa ganzi muangalie masaa kadhaa asiutafune mdomo, wanautafuna mpaka unatoka damu kwa sababu hawausikii.

Baba Zai, Lindi: Hiyo ya kutafuna mdomo imeshatokea kwa mkubwa wake, tukadhani daktari ndo kamjeruhi!

Mtoa somo: Ndo kesi zetu hizo.

Mmakonde Halisi: Kijijini kuna mtu anapaka mafuta ya ganda la korosho kwenye jino, eti linakufa ganzi hauna haja ya hospitali.

Mtoa somo: Waangalie vidole wabanguaji wasiovaa glavu. Mafuta yale yanaunguza ngozi ngumu ya mkono, sembuse fizi. Mkikosa usafiri usiku tafuneni karafuu upande ule, inatuliza kidogo, asubuhi mje.

Mzee wa Shangani: Nimesoma sasa. Kumbe naweza kula?

Mtoa somo: Ganzi tu, ndiyo mzee wangu, kula. Karibu Jumatatu asubuhi.