Kushusha gari: kwa nini springi za kukata zinakurudisha gereji

Wakuu, swali la "nikate mizunguko mingapi ya springi Toyota IST yangu ishuke?" linaulizwa kila wiki. Naweka yote hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitampa namba ya hatua tu.

Tuanze na njia za bei chee. Kuchoma springi kwa gesi: usithubutu. Ugumu wa chuma kile umetengenezwa kiwandani kwa joto lililopimwa. Ukikichoma mpaka kiwe chekundu, ugumu umeondoka. Gari itashuka leo, na itaendelea kushuka yenyewe, upande mmoja kuliko mwingine.

Kukata kwa grinda kuna nafuu kidogo, ila hesabu inakukataa. Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi, ukitoa mmoja, inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 20, na shokapu ni ileile ndefu. Ukiruka tuta, tairi linaning'inia, springi inalegea na kutoka kwenye kikombe chake inapokalia, halafu inarudi imekaa upande. Hiyo itokee ukiwa unashuka mteremko wa Iwambi hapa Mbeya na lori liko nyuma yako!

Sasa njia yenyewe.

1. Tafuta springi fupi za modeli yako kamili, za kushusha sm 2.5 hadi 3. TEIN na RS-R wanazitengeneza kwa Toyota nyingi. Zaidi ya hapo, mifereji iliyochimbwa na malori kati ya Uyole na Mbalizi itakusugua tumbo.

2. Shokapu inayovuja, badilisha, na mwenzake pia.

3. Legeza nati za tairi, piga jeki, weka stendi. Tofali si stendi.

4. Achia mpira wa breki na waya wa ABS kwenye shokapu, kisha toa bolti mbili za chini na nati za juu zilizoshika bodi. Ile nati kubwa ya katikati usiiguse!

5. Hapa ndipo watu wanapoumia. Springi ikiwa kwenye shokapu imebanwa tayari, na kinachoizuia ni nati ile ya katikati peke yake. Funga vibanio viwili vya springi vinavyotazamana, kila kimoja kishike mizunguko mingi iwezekanavyo. Kaza kwa spana ya mkono, zamu kwa zamu, mizunguko miwili huku, miwili kule. Ukikaza upande mmoja tu, springi inapinda kama ndizi na kibanio kinateleza. Bunduki ya upepo ya kufungulia nati weka mbali, inakula nyuzi za kibanio. Usifungue nati mpaka springi icheze kwa mkono ndani ya vikombe vyake, na uso wako usiwe juu ya fimbo ya shokapu hata sekunde moja. Kufunga waya au mnyororo badala ya vibanio ni kutafuta kaburi.

6. Kimpira cha kugongea kilicho kwenye fimbo ya shokapu kirudishe. Kikiwa kimeoza, weka kipya. Bila hicho shokapu inagonga chuma kwa chuma.

7. Bolti za bush (mipira ya maungio) za wishboni, ule mkono wa chini unaoshika tairi, kaza mwisho, gari ikiwa imesimama kwa tairi zake. Ukizikaza likining'inia, bush inabaki imejisokota na kuchanika mapema.

8. Alaimenti (kunyoosha tairi kwa mashine), baada ya springi kukaa siku chache. Usipofanya, tairi zinaliwa ndani huku nje zinaonekana mpya.

MASWALI

Kijana_Sae: Mkuu, nikikata mzunguko mmoja tu haina shida eti?
— Aya ya tatu.

Kijana_Sae: Nimesoma, ila fundi wangu kasema ni kawaida.
— Basi mwulize fundi wako.

Mama Isyonje: Nimenunua gari mkononi mwa mtu. Nitajuaje kama springi zilikatwa?
— Swali zuri, dada. Piga jeki tairi lining'inie, shika springi ujaribu kuizungusha. Ikicheza, kuna tatizo. Mulika ncha kwa tochi pia: ncha iliyokatwa ina kona kali na kutu pasipo rangi. Na kama aliyekuuzia kashusha nyuma tu, taa zinatazama juu. Kwa ukungu wa huko kwenu hutaona kitu, kwa hiyo zipimwe upya.

Viazi_Express: Nimetoa bapa mbili za springi nyuma ya Hilux ikashuka safi. Ila mvua ikinyesha, nyuma inateleza nikishika breki.
— Angalia juu ya difu (lile boksi la gia katikati ya ekseli ya nyuma) kama kuna valvu yenye mkono uliounganishwa na ekseli. Inapima mzigo kwa jinsi bodi ilivyoshuka. Sasa inadhani umepakia, inapeleka presha nyingi nyuma, na tairi zinajifunga gari likiwa tupu. Rudisha bapa zako. Nunua na yubolti mpya (bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli), hizo zikishakazwa mara moja zimevutika.

Viazi_Express: Asante. Na ule mpira wa kuweka kati ya mizunguko, nikipakia magunia?
— Kwenye springi za bapa hauna pa kukaa. Kwenye IST mzunguko ulioshikwa na mpira haufanyi kazi, kwa hiyo iliyobaki inajipinda zaidi kwenye kila tuta na inaweza kukatika. Punguza gunia.