Jinsi ya kumaliza Lion King ya Sega (usiishie kwa nyani wa pinki)

Wengi tuliocheza Lion King ya Sega (ile mashine ya gemu ya kwenye tivii) utotoni tuliishia steji ya pili. Nawajua watu wazima kabisa, wana watoto, hawajawahi kumuona Simba, yule unayemcheza, akiwa mkubwa kwenye hii gemu hata siku moja, na inaniuma kweli maana utamu wenyewe uko huko mbele. Ndo maana naandika hapa vile mimi nilivyoivuka mpaka mwisho.

Kwanza ujue tatizo halikuwa wewe. Gemu ilitoka 1994, mwaka uleule wa filamu, ilitengenezwa na Westwood Studios ya Las Vegas, na Louis Castle ambaye ni mmoja wa walioanzisha hiyo studio alishaeleza kwamba steji za mwanzo zilikazwa makusudi, kwa sababu Marekani enzi zile watu walikuwa wanakodi gemu na Disney hawakutaka mtu aikodi wikendi, aimalize, airudishe, asinunue tena. Sasa huku kwetu hakuna aliyekodi, tulikuwa tunapokezana pedi na mabinamu, ukifa unampisha mwenzio, kwaiyo kile kigingi kilitukuta hatujui hata kimewekewa nani.

Kabla hujaanza ingia options, weka easy. Utapandisha baadae ukishaijua njia.

Simba mdogo ana vitu vitatu tu: kuruka, kubingirika na kunguruma. Kunguruma ndo watu wanakoharibu. Kuna kile kimstari cha ngurumo juu ya skrini, kinaisha ukinguruma afu kinajaa taratibu, na kikiwa hakijajaa utatoa kisauti cha paka hakuna mnyama atakayejali, kwaiyo acha kubonyeza bonyeza, subiri kijae. Nungunungu wa steji ya kwanza ukimrukia hivihivi miiba inakuchoma, mngurumie kwanza agalauke tumbo juu ndo umkanyage. Na wadudu usiwapite, wengine ndo wanakurudishia uhai.

Halafu mwisho wa hiyo steji unakutana na fisi, na hapa naomba utulie maana fisi huyu ndo anakufundisha gemu nzima. Akikurukia, usimjibu. Muache apite, mruke, rudi upande wa pili, akirudi mruke tena. Baada ya muda anasimama, kichwa chini, ulimi nje, anahema. Hapo ndo unamkanyaga, mara moja tu, afu unakimbia tena. Ukimkanyaga kabla hajahema unaumia wewe. Mngoje aheme, shika hilo neno mpaka kwa Scar, adui wa mwisho wa gemu.

Steji ya pili sasa. Unaruka vichwa vya twiga, unaning'inia mikia ya viboko, hayo yote ni mazoezi ya mkono utazoea. Shida ni nyani. Nyani wanakudaka wanakurusha kwa mwenzao, na mwenzao anakurusha kwingine, unajikuta umerudi ulikotoka na muziki unaendelea kuimba tu. Siri ni hii: nyani wa pinki akingurumiwa anageuka, na akigeuka anakurusha upande mwingine. Wa rangi nyingine piga kelele utakavyo hawageuki. Kwaiyo usirukie nyani yeyote kwanza. Simama, angalia kila wa pinki anatazama wapi, fuata kwa kidole kwenye tivii kabisa ukiona huyu atanirusha kwa yule, yule atanipeleka kule, afu tafuta wa pinki gani ukimgeuza njia inapanda juu badala ya kurudi. Nguruma, subiri kimstari kijae, geuza mwingine kama inahitajika, ndo urukie wa kwanza. Mimi nilikaa miaka nikidhani ni bahati, kumbe ni kama kupanga swichi za treni.

Kwenye mbuni, pale Simba anapokimbizwa akiwa mgongoni mwake: kifaru ruka, viota vya ndege inama, na kuna sehemu kuruka mara moja hakutoshi, inabidi mbuni aruke afu Simba mwenyewe aruke tena kutoka mgongoni na atue palepale mgongoni. Bonyeza ya pili mkiwa juu, usiwahi.

Ukivuka hapo umeshamaliza kazi kubwa. Steji ya makaburi ya tembo ni fisi walewale, ila wakiwa wawili fanya kazi na mmoja, mwingine mkimbie. Kwenye steji ya nyumbu wanaokukimbiza usimwangalie Simba, angalia kinachotokea nyuma yake, na mawe ruka mapema. Kwenye steji ya uhamisho ni miiba na majabali yanayobingirika, hapo kumbuka njia tu, utakufa mara mbili tatu afu mkono unajua.

Simba mkubwa ni raha. Anapiga makucha, anamkamata adui na kumtupa. Chui wasikutishe, ila usivamie, wakorofi wale. Steji ya volkano usikimbie, kila sehemu mvuke unapanda na kushuka kwa mpigo wake, hesabu ndo upite. Kwenye mapango kumbuka umetokea mlango gani, vinginevyo utazunguka palepale mpaka usiku.

Kwa Scar ndo wengi wanarudia kukwama, na hata aliyefika hajui kwanini. Unampiga, unampiga, hafi, unadhani kaseti mbovu. Scar wa mwisho pale juu ya mwamba hauawi kwa makucha. Mpige achoke, ukiona anahema, hakikisha upo karibu na ukingo, mkamate umtupe chini. Ukimtupia upande wa ndani anaamka mnaanza upya, kwaiyo sogea kwanza, muache akufuate mpaka pembeni.

Kama huna Sega tena, 2019 waliitoa upya pamoja na Aladdin kwa ajili ya PS4, Xbox One, Switch na kompyuta, na humo unaweza kurudisha gemu nyuma sekunde kadhaa ukikosea. Wale nyani wa pinki, itumie tu bila kusita.