Kupiga kambi ya uwindaji kwenye milima ya Colorado bila kumharibia jirani

Septemba iliyopita nilimpeleka kijana wetu mmoja wa hapa Aurora kuwinda elki kwa upinde, mara yake ya kwanza. Elki ni ayala wa huku, dume lake hupita kilo 300. Leseni alikuwa nayo, kozi ya usalama alishamaliza, na kulenga ananishinda. Kilichomtatiza ni kambi. Kila alichoniuliza njiani kiliwahi kunitia aibu mimi mwenyewe, kwa hiyo nakiandika.

Nazungumzia misitu ya taifa na ardhi ya BLM (idara ya serikali kuu ya Marekani inayosimamia ardhi ya umma), ambako mtu yeyote anaweza kulala porini bila kukodi nafasi.

Hatua ya 1: Simu moja kabla ya safari

Piga ofisi ya msitu unakokwenda. Uliza unaruhusiwa kulala siku ngapi sehemu moja (mara nyingi ni 14), kama moto umepigwa marufuku, na kama kuna amri ya kufungia chakula kwa sababu ya dubu. Chukua na ile ramani ya bure ya barabara za magari. Basi.

Hatua ya 2: Mahali pa hema

Hapa ndipo nilipoumia, mtanivumilia nikirefusha.

Mwaka wangu wa kwanza nilipata uwanda wa majani mazuri, kijito pembeni, nyayo mbichi za elki kila mahali. Nikasema Mungu anipe nini tena? Nikasimamisha hema pale pale, nikawasha moto, nikakaanga vitunguu. Jua linazama, mzee mmoja akatokea msituni na upinde wake, kofia mkononi. Hakugomba. Aliniambia ametembea saa tatu kufika pale, akaangalia sufuria yangu, akaniaga. Afadhali angenitukana. Nikang'oa hema gizani, na hadi nilipopata pengine pa kulala ilikuwa saa sita usiku.

Kosa halikuwa kuonekana tu. Ni hewa. Jioni mteremko ukipoa, hewa baridi hushuka bondeni kama maji yanavyofuata mfereji, na inashuka na moshi wako, soksi zako na vitunguu vyako. Asubuhi jua likipasha mteremko, hewa inageuka na kupanda. Elki huteremkia majani jioni na alfajiri, mchana hulala kwenye kivuli cha miti juu. Kwa hiyo kambi ikiwa juu ya uwanda, unawafukuza jioni. Ikiwa chini, unawafukuza asubuhi wakiwa wamelala. Na si wako peke yako, ni wa kila mtu aliyepanda mlima huo.

Ninachofanya sasa ni kuweka kambi nyuma ya kilima, kwenye bonde lingine kabisa, kilomita moja na nusu au zaidi kutoka ninapowinda. Kabla ya kufungua hema nasubiri jua lishuke, natoa kichupa cha poda ya mtoto, nakibonyeza mara moja na kuangalia wingu linaelekea wapi. Yule kijana alicheka: "Mjomba, unampaka nani poda?" Dakika mbili baadaye aliliona wingu likikunja kona na kuteremka kijito, akanyamaza.

Tahadhari zake: siku ya dhoruba poda haina maana, upepo mkubwa unavuruga yote. Sakafu ya bonde ina baridi kali usiku, panda kidogo. Usikae njiani wala kando ya maji. Mimi huhesabu hatua 70, kama mita 60, kutoka kwenye vyote viwili. Na tazama juu! Misonobari mingi ya huku imeuawa na mbawakawa, imesimama mikavu, upepo mdogo tu unaiangusha. Penye mti mfu silali hata parembeshwe vipi.

Hatua ya 3: Majirani

Ukikuta hema la mtu, songa mbele mpaka usilione wala kulisikia. Kama lazima upite kwake, piga hodi ukiwa mbali, mchana, risasi ikiwa nje ya chemba. Mwambie kesho unaelekea upande gani, naye atakuambia wake. Hema tupu la kushikia nafasi wiki nzima kabla ya msimu ni uhuni. Jenereta ibaki nyumbani.

Hatua ya 4: Moto

Jiko la gesi. Najua wazee wa moto wa kuni watanikatalia, lakini mwaka 2020 moto wa Cameron Peak uliteketeza ekari zaidi ya 208,000 za jimbo hili. Ukiwasha kwa ruhusa, mwaga maji, koroga, mwaga tena, kisha gusa majivu kwa mgongo wa mkono. Yakiwa na joto, hujazima. Kwenye maeneo yanayolindwa na sheria ya pori ya mwaka 1964 msumeno wa injini haukubaliki, wala mkokoteni wa kubebea nyama.

Hatua ya 5: Nyama

Ining'inize kivulini, mita 100 kutoka hemani, ndani ya mifuko ya kitambaa. Ya plastiki inaiozesha. Iwe mita tatu au zaidi juu ya ardhi na mbali na shina, maana dubu mweusi anapanda vizuri. Tumia kamba, usipigilie misumari mtini. Matumbo usiyaache njiani wala karibu na maji ya wenzako. Alama ya jinsia, yaani kiungo kinachoonyesha ni dume au jike, isitenganishwe na nyama, askari wa wanyamapori ataiulizia. Ukibeba pembe mgongoni, zifunge kitambaa cha rangi ya chungwa, usije ukaonekana elki anayetembea.

Hatua ya 6: Choo

Shimo la sentimita 15 hadi 20, mbali na maji. Karatasi unarudi nayo. Ndiyo, mfukoni.

Hatua ya 7: Kuondoka

Tawanya mawe, rudisha majani, zunguka kambi ukiangalia chini. Hema langu lina vigingi kumi vya rangi ya chungwa na siondoki kabla sijavihesabu. Safari hii na kijana tulipata kumi na kimoja.