Kuandaa Kwanzaa chuoni kabla ya likizo

Ukisoma chuo cha Marekani na ikajulikana kwamba unazungumza Kiswahili, usishangae chama cha wanafunzi Weusi kikikutafuta mwezi Novemba. Kwanzaa, sherehe ya siku saba ya utamaduni wa Wamarekani Weusi, imekaribia. Kubali, ila jua nafasi yako: maneno ni yetu, sherehe ni yao. Mwanaharakati Maulana Karenga aliianzisha California mwaka 1966, mwaka uleule chama cha kwanza cha wanafunzi Weusi kilipoundwa katika chuo cha San Francisco State. Jina limetokana na "matunda ya kwanza", na ile *a* ya ziada mwishoni iliongezwa makusudi ili herufi ziwe saba, kwa hiyo usiwasahihishie bango. Wala usiwaambie Ujamaa yao, moja ya nguzo (misingi) saba za Kwanzaa, imetoka kwenye Azimio la Arusha. Azimio lilitangazwa Februari 1967, Kwanzaa ya kwanza ikiwa imeshapita. Neno lenyewe Mwalimu Nyerere alikuwa ameshaliandikia kijitabu mwaka 1962.

Tatizo la kwanza ni kalenda. Kwanzaa huanza tarehe 26 Desemba na kuisha 1 Januari, wakati mabweni ni matupu. Ndiyo maana vyuoni siku zote saba hubanwa katika jioni moja, na jioni inayofaa ni ya wiki ya kwanza ya Desemba, kabla watu hawajazama kwenye mitihani. Ukumbi uwekeni nafasi Septemba, na ombi la fedha kwa serikali ya wanafunzi lipelekwe mapema muhula unapoanza. Ukingoja Novemba utaambiwa bajeti imegawanywa.

Mezani tandikeni mkeka, juu yake kinara (kwao ni kile cha kushikia mishumaa saba, si anayeongoza ligi), mazao, yaani matunda na mboga, kisha mahindi, kikombe cha umoja, na zawadi, ambazo desturi hutaka kitabu kiwemo. Mahindi wao huyaita *muhindi*. Waelezeni wasomaji wa ratiba kwamba neno hilo linatumika pia kwa mtu wa India, wasije wakamtangaza mgeni ambaye hayupo.

Mshumaa mweusi hukaa katikati, myekundu mitatu kushoto, ya kijani mitatu kulia. Kushoto kwa nani? Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu anayepanga husimama nyuma ya meza. Pangeni mkiwa mmesimama upande wa watazamaji, maana picha zitapigwa kutoka huko. Mweusi, wa nguzo ya Umoja, huwashwa kwanza. Kisha mwekundu wa Kujichagulia, kijani wa Ujima, mwekundu wa Ujamaa, kijani wa Nia, mwekundu wa Kuumba, na kijani wa Imani. Mweusi ni watu wenyewe, nyekundu mapambano, kijani matumaini yanayozaliwa na mapambano hayo. Kama chama chenu kina mazoea ya kumaliza myekundu yote kwanza, fuateni mazoea yao, si vita vyako.

Kabla ya kununua mishumaa ya nta, ulizeni ofisi ya usalama wa moto ya chuo. Vyuo vingi havitaki moto wa wazi ndani ya jengo, au hudai kibali kilichoombwa mapema. Ya betri inatosha, lakini rangi tatu hizo hazipatikani kirahisi: nunueni myeupe, muivishe karatasi laini ya rangi, na mbadilishe betri siku ileile. Mkiruhusiwa moto, wekeni sinia la chuma kati ya kinara na mkeka. Mkeka wa ukindu ni mkavu na hushika moto upesi. Mshumaa unaocheza ndani ya tundu lake uzungushieni karatasi ya foili chini. Ukiinama, nta yote inamwagikia upande mmoja na mshumaa unaisha kabla ya hotuba.

Kwa kila nguzo mpeni mtu mmoja dakika nne, asizidishe. Saba mara nne ni dakika 28, na mkiongeza tambiko, ngoma na utambulisho mtafika dakika 75. Bila mtu wa kushika saa, mzungumzaji wa Umoja peke yake atakula robo saa na wa Imani atazungumza watu wakiwa kwenye foleni ya chakula.

Mshereheshaji huuliza "Habari gani?" na ukumbi hujibu kwa jina la nguzo: "Umoja!" Waonye mapema wenzako wa Dar na Mombasa, la sivyo watajibu "Nzuri!" na kuharibu mpangilio. Fanyeni mazoezi ya matamshi kwa dakika kumi tu. *Nguzo* isiwe "neguzo". *Kuumba* ina *u* mbili. Ikipotea moja inabaki *kumba*, ambayo ni kusukumana. *Kujichagulia* huwashinda wengi, basi ikate: ku-ji-cha-gu-LI-a.

Tambiko linahitaji busara zaidi. Kwa Mwafrika-Mmarekani ni kutaja waliotangulia huku maji yakimwagwa, na ukumbi mara nyingi huitikia "Ashe", neno la Kiyoruba. Kwa Mwislamu wa Zanzibar au mlokole wa Goma, neno lenyewe linanuka mizimu. Mshereheshaji aeleze maana yake kabla ya kuanza, na asiyetaka asimame kimya bila kuulizwa sababu. Maji yamwagwe kwenye chungu cha mmea, kamwe si kwenye zulia la chuo. Kikombe kisipitishwe midomoni. Gaweni vikombe vidogo vya karatasi.

Chakula cha watu 60: kilo 6 za mchele, kilo 3 za kunde zilizolowekwa usiku kucha, viazi vitamu, mkate wa mahindi na sukuma wiki. Kwanza hakikisheni kama chuo kinaruhusu chakula cha kupika nyumbani, kwa kuwa vingine hukubali mpishi mwenye mkataba tu. Halafu kuhusu sukuma: Kusini mwa Marekani hupikwa na nyama ya nguruwe ya kukaushwa kwa moshi, ambayo haionekani ikishalainika. Agizeni iwekwe ya bata mzinga, au sufuria moja isiwe na nyama kabisa, na kila chombo kiwe na kibandiko cha viungo, hasa karanga.

Mwisho ni "Harambee!" mara saba, ya saba ikivutwa kadiri pumzi inavyoruhusu. Mgawieni kila anayetoka tunda kutoka mezani. Mahindi makavu hifadhini kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwani yakibaki na unyevu huota ukungu kabla ya Desemba nyingine.