Vifaranga wa plova ufukweni: usiwakanyage, usiwaokote

Kama unakaa Michigan, Marekani, au unapita Sleeping Bear Dunes, zile fukwe na vilima vya mchanga kando ya Ziwa Michigan, wakati wa joto, jua kuna kitwitwi mdogo rangi ya mchanga anaitwa paipingi plova, mwaka 1986 anaingizwa kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka, Great Lakes, yale maziwa makubwa ya Marekani na Kanada, zilikuwa zimebaki jozi kama 17 tu, kwa hiyo kila kifaranga ana maana jamani.

Kwanza mbwa mfunge kamba. Ndiyo, hata huyo wako mpole. Kifaranga anatoka kiotani saa chache tu baada ya kuanguliwa, anajitafutia wadudu mwenyewe, na kuruka hawezi mpaka wiki tatu nne hivi, akishtuka anajibana kwenye mchanga kimya kama kipande cha pamba, ndo maana anakanyagwa. Pita kwenye mchanga uliolowa karibu na maji, macho chini, kamba za uzio usivuke.

Ukiona mkubwa anaburuta bawa kama limevunjika, anakuzuga huyo, vifaranga wapo hapo hapo, rudi ulikotoka.

Mabaki ya chipsi beba, shakwe na kunguru wanafuata chipsi wanakuta vifaranga. Na ukimkuta mmoja peke yake usimwokote, mzazi yupo karibu anasubiri uondoke.