Jinsi ya kutumia methali za Kiingereza kuwajua Waingereza wenyewe

Hapa Nairobi tumekariri methali za Kiingereza tangu praimari, tunazimwaga kwa insha tupate maksi, lakini ukizisoma vizuri zinakuonyesha wenyewe waliishi aje na walithamini nini.

Anza kwa kuweka funzo kando uangalie picha. Funzo hufanana kila mahali. Wao wanasema wapishi wengi huharibu supu, watu wa Pwani wanasema manahodha wengi chombo huenda mrama, maana ni ile ile lakini mmoja yuko jikoni na mwingine baharini. Ama ile ya kuanika nyasi jua likiwaka, imo kwa kitabu cha methali cha mwandishi Mwingereza John Heywood cha 1546, hiyo ni sauti ya mkulima wa nchi yenye mvua isiyotabirika, jua likimpita nyasi zinaoza na ng'ombe hawana chakula wakati wa baridi.

Halafu uliza ilitoka wapi. Hapa usiharakishe, juu kuna nyingi si zao, kama ile ya Roma haikujengwa siku moja, Wafaransa walikuwa nayo tangu karne ya 12. Lakini ile ya nyumba ya Mwingereza ni ngome yake, hiyo ni yao kabisa na ndio naipenda kuliko zote, kwa sababu iko na kesi nyuma yake. 1604 korti ya Uingereza iliamua afisa hawezi kuvunja mlango wa mtu juu ya deni la kawaida, na hata akitumwa na mfalme, lazima kwanza aseme amekuja kufanya nini na aombe afunguliwe. Mpangaji yeyote wa Nairobi amewahi kufungiwa nyumba na landlord juu ya rent anaelewa uzito wa hiyo kitu. Sasa ukiskia Waingereza wanapenda privacy, unajua pia sheria ilihusika.

Usisahau kutafuta methali inayoipinga. Wapishi wengi wanaharibu supu, lakini wao hao wanasema mikono mingi hurahisisha kazi. Na sisi tuko na haraka haraka haina baraka, halafu chelewa chelewa utapata mwana si wako, kwa hivyo mtu akichukua ya kwanza peke yake aseme Waswahili ni watu wa polepole, mkatalie.

Ukitaka ya kufanyia mazoezi chukua ile ya kupeleka makaa Newcastle, mji uliouzia London makaa ya mawe kwa karne nyingi.