Canter Iliyotumika: Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kuipakia Mzigo wa Kwanza

Nilipokwenda kuichukua Canter yangu, lori dogo la Mitsubishi, nilikuta muuzaji ameshaiwasha. Injini inanguruma taratibu, moshi hakuna, nikamaliza kulipa. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, ikiwa imelala kwangu, stata ilizunguka mpaka betri zikachoka, na jirani akatoka na mswaki mdomoni kuja kushangaa. Ndipo nilipoelewa kwa nini yule bwana alikuwa ameamka mapema kuliko mimi.

Kwa hiyo ukishalifikisha gari nyumbani, liache lilale usiku mzima, uliwashe mwenyewe likiwa la baridi. Nitaurudia huo ugonjwa wa asubuhi. Kwanza tuongee breki, maana wengi wetu tukinunua gari tunasikiliza injini tu. Canter nyingi za njia yetu zinateremsha viazi na mbao kutoka Makambako kuja Dar es Salaam, na mlima mkali wa Kitonga unaushuka ukiwa na mzigo. Injini ikizingua utalala njiani, utapika ugali na utingo wako, maisha yataendelea. Breki zikikata pale, hakuna hadithi ya kusimulia.

Canter za zamani zenye injini za 4D32 na 4D33 zina breki za mafuta zinazosaidiwa na busta, yaani kifaa kinachoongezea nguvu ya mguu wako, na busta inategemea pampu ya kuvuta hewa iliyo nyuma ya alteneta. Zima injini, kanyaga pedali mara tano sita mpaka iwe ngumu, kisha iendelee kukanyagwa huku ukiwasha. Pedali inatakiwa izame kidogo chini ya mguu wako. Isipozama, usikimbilie kununua busta: fuata kwanza mpira wa hewa kutoka kwenye alteneta, uone kama umepasuka au umelegea, halafu pampu yenyewe. Hapo hapo angalia mipira ya oili inayokwenda kwenye pampu hiyo, kwa sababu inalishwa oili ya injini. Ukivuja mmoja, unaweza kumaliza oili barabarani bila kujua imepitia wapi.

Sasa kanyaga pedali na uishikilie kwa dakika nzima, injini ikiwa imewashwa. Ikishuka polepole na hakuna panapovuja kwa nje, rabasili (mipira ya kuzuia mafuta) za masta silinda, ile inayosukuma mafuta ya breki, zimekwisha. Kisha ingia chini na tochi, uangalie upande wa ndani wa matairi ya nyuma. Ukiona unyevu wenye vumbi lililogandamana, nusa. Oili ya difu, yaani ya gia za ekseli ya nyuma, ina harufu nzito inayokaa puani. Hiyo ni sili ya habu (kitovu cha gurudumu), na lainingi, zile pedi za breki zinazosuguana na ngoma, zimeshalowa. Lainingi zilizolowa oili hazisafishwi kwa petroli zikapona, hata fundi akikuapia. Zibadilishwe. Na usisahau ekzosi breki, inayopunguza mwendo kwa kuzuia moshi kutoka kwenye injini: vuta swichi gari likiwa linatembea, uache mafuta, sauti ibadilike na gari lijivute. Nyingi zimeganda kwa masizi, na mwenye gari wa kwanza aliona rahisi kukata waya.

Turudi kwenye asubuhi ile. Fundi wa kwanza alisema pampu ya dizeli imekufa. Ikafunguliwa, ikaenda kupimwa, nikalipa, ikarudishwa, na asubuhi iliyofuata gari likawa lile lile. Fundi wa pili, mzee mmoja mkimya, hakufungua kitu. Aliniambia nipige ile pampu ndogo ya mkono iliyo kwenye njia ya dizeli mpaka iwe ngumu, kisha niwashe. Likashika mara moja. Maana yake dizeli ilikuwa inarudi kwenye tangi usiku, na kinachoirudisha ni hewa inayoingia mahali fulani. Alipitisha kidole kwenye kila maungio, akaishia kwenye washa ya kopa chini ya boliti ya filta, imepondeka upande mmoja. Bei yake haifiki ya soda.

Kwa hiyo kabla hujamruhusu mtu kugusa pampu, fanya hilo jaribio. Likiwaka baada ya kupiga mkono, tafuta hewa. Lisipowaka, ndipo uulize mambo ya nozeli zinazopuliza dizeli ndani ya silinda, na kompresheni, yaani nguvu ya injini kugandamiza hewa.

Kompresheni nayo ina kipimo cha bure. Injini ikiwa imepata moto, fungua kifuniko cha kujazia oili huku inasaga. Mvuke mdogo si neno. Lakini ikitoa pumzi kwa nguvu, puh puh puh, kiasi cha kurusha kifuniko ukikiweka juu yake kichwa chini, injini inapumua: ringi za pistoni zimechoka. Ongeza na moshi wa bluu, basi andaa hela ya kuifungua. Moshi mweusi usikutishe hivyo. Mara nyingi ni filta ya hewa iliyoziba, au kuna aliyefungulia dizeli kwenye pampu ili gari lipande milima kwa kiburi. Mweupe unaoisha gari likipata moto ni wa kawaida, usioisha na unanuka dizeli peleka nozeli zikapimwe.

Gari kuchemsha ndiko kunakoliwa hela nyingi, kwa sababu kila fundi ana mshtakiwa wake. Anza injini ikiwa ya baridi kabisa. Fungua rejeta: maji ya kahawia ya kutu ni uchafu wa kuosha, lakini yakiwa na utando wa oili, au stiki ya oili ikitoka na kitu kama chai ya maziwa, simama hapo hapo. Kama hakuna oili, washa bila kufunga kifuniko, subiri dakika chache, kanyaga mafuta kidogo. Mapovu yasiyokoma yanasema moto wa silinda unaingia kwenye maji: hedi gasketi, au hedi yenyewe ina ufa. Kama hakuna mapovu, angalia mkanda wa feni, kisha rejeta kwa mbele, imezibwa na wadudu na udongo kiasi gani.

Na uliza kama themostati ipo, ile inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Mafundi wetu wanapenda kuitoa, eti gari lisichemshe. Matokeo yake injini haifikii joto lake la kazi, inakula dizeli, na oili inaharibika mapema. Irudishe, kisha utafute ugonjwa wenyewe.

Umeme niuseme haraka. Hizi zinatumia volti 24, yaani betri mbili za 12 zimeungwa kwa mfululizo. Kuna watu huunga waya wa redio kwenye betri moja tu ili wapate 12. Betri hiyo inakuwa na njaa, mwenzake inashiba kupita kiasi, na zote zinakufa ukilaumu alteneta. Pima kila moja peke yake injini ikiwa imezimwa, zisipishane.

Mbele, piga jeki tairi moja, lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie utingo akanyage breki. Mchezo ukiisha, ni beringi ya habu. Ukibaki, ni king pini, ile pini ambayo gurudumu la mbele hugeukia. Nati za magurudumu ya kushoto kwenye nyingi za hizi zinafunguka kinyume. Nimeona kijana mwenye nguvu akikata stadi mbili kwa kutojua hilo. Tairi zina tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa, mwisho wa namba ya DOT ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Usisahau za ndani, ambazo muuzaji aliomba Mungu usizitazame.

Kabla ya kwenda mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kununua spea, soma namba iliyopigwa kwenye injini, usiiamini kadi wala stika ya kebini. Injini hubadilishwa, na spea za 4D32 si lazima zikae kwenye 4D33.

Yote yakishakaa sawa, usiende Makambako. Pakia nusu ya mzigo, zunguka jirani mahali penye kilima, dakika arobaini hivi. Ukirudi, zima, shuka haraka, usogeze mgongo wa kiganja karibu na kila habu. Mkono ukikataa kukaa karibu na moja wakati nyingine zina joto la kawaida, breki ya pale inang'ang'ania au beringi imebanwa mno. Siku ya kupakia kwelikweli, hesabu magunia ukijua kuwa lumbesa moja, lile gunia lililojazwa kupita kipimo, si gunia moja.